Kimlango cha Jikoni

Nyumba ya Mama Cherehani na ya shoga yake, Bi Kicheko, ziligawana ukuta mmoja. Katika ukuta huo, jikoni, palikuwa na kimlango cha mtu kupita akiinama. Chumvi imekwisha? Kimlango. Mtoto ana homa? Kimlango. Mume kanuna? Hapo ndipo kilipofunguliwa bila hata hodi, wakacheka wawili hao mpaka uji ukafurika na kuzima moto. Jamani, siku zile!

Kisha wakaja watu wa mradi wa kuhifadhi mitaa ya kale. Tusiwaonee: mtaa ulikuwa unabomoka, wao wakauinua. Mitaro ikazibuliwa, vijana waliokuwa wakishinda vibarazani wakapata kazi. Lakini wageni wanataka pa kulala, na mwanawe Bi Kicheko akaiuza nyumba, ikawa ya wageni. Mama mtu akahamishiwa kwa mwanawe nje ya mji, nyuma ya geti na mbwa mkali. Kimlango kikapigiliwa misumari.

Mwaka huu paa la Mama Cherehani likaanza kuvuja. Mradi ukasema utaliezeka bure, mradi tu kimlango kifunguliwe, watalii wapite waone ujirani wa zamani ulivyokuwa. Mjukuu wake ndiye angewaongoza.

"Jikoni kwangu pawe njia?" bibi akafoka. "Mimi ni sinema?"

"Bibi nawe! Mimi nipate mshahara, wewe ulale pakavu. Ubaya uko wapi?"

Angefanyaje? Mvua haina adabu, na mjukuu alikuwa amezunguka na vyeti vyake mpaka soli zimekwisha. Akakubali, roho ikimuuma.

Siku ya kwanza alikuwa akipepeta mchele aliposikia kimlango kinagongwa. Moyo ulimruka. Kabla hajafikiri, mdomo ukasema wenyewe: "Pita, shoga! Umenitupa mno!"

Wakaingia wageni, mmoja mmoja, wameinama, kamera shingoni. Walikuwa watu wazuri tu, wenye adabu zao. Mjukuu akawasimulia habari za mashoga wawili, nao wakaguswa. Mama mmoja akauliza jambo kwa upole.

"Anasema, huyo rafiki yako yuko wapi? Wangependa kumwona."

Mama Cherehani akaweka ungo chini. Machozi yalikuwa yanamlenga, wala hakuyaficha.

"Mwambie tulimhamisha, ili wao wapate pa kulala."

Mjukuu akamtazama bibi yake, kisha akatafsiri neno kwa neno.