Sifuri Nne Nilizoshindwa Kuandika

Ko, ko, ko. Kimya kidogo. Halafu ko moja ya mwisho, kubwa kuliko zote.

Ulikuwa mlio wa kisigino cha kiatu kikigonga msumari kwenye mlango wa mbao, na mpaka leo naukumbuka kama vile bado nimekaa dawati la pili kutoka mlangoni. Mkufunzi wetu wa takwimu alikuwa amevua kiatu cha kulia, amesimama kwa mguu mmoja, soksi ya kijivu hewani, anagongelea karatasi ya masharti ya somo. Nyundo ya chuo ilikuwa imeazimwa na hakuna aliyekumbuka nani ameiazima. Alipomaliza alivaa kiatu, akatugeukia.

"Mwenye macho asome," alisema. "Asiyesoma asije kulia ofisini kwangu. Ofisi yenyewe ndogo, mtanilowanishia makaratasi."

Tulicheka wote, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wengine kwa sababu nilikuwa naogopa. Kidato cha nne hesabu nilipata F. Nilijiunga na cheti cha maendeleo ya jamii nikijua ni masomo ya kuongea na watu, na kuongea na watu naweza tangu utotoni. Hakuna aliyeniambia kwamba muhula wa pili kuna takwimu imejibanza pale inanisubiri. Lakini nilikuwa na ndoto, na ndoto zangu huwa hazina adabu, zinakuja na fanicha kabisa. Nilijiona ofisa maendeleo wa kata, nina ofisi yenye pazia la kijani, nina faili la kila kitongoji, mtu akiuliza jambo nalitoa bila kutafuta.

Darasa lilipotoka nilibaki mlangoni kusoma. Mtihani wa mwisho ulikuwa na alama sitini. Arobaini zilizobaki zilitafutwa ndani ya muhula: majaribio mawili ya alama kumi kila moja, mazoezi ya darasani alama tano, na kazi ya uwandani alama kumi na tano. Ukikosa robo ya vipindi umejitoa mwenyewe. Na ambaye hatafikisha ishirini katika zile arobaini haingii chumba cha mtihani. Anakeri somo, yaani analirudia mwakani na wadogo zake. Chini kabisa kulikuwa na sentensi imepigiwa mistari miwili: atakayetunga, kubadili au kuficha jibu la kaya yoyote hapati alama hata moja ya uwandani.

Hiyo ya mwisho niliisoma harakaharaka. Mimi nitunge jibu la mtu? Nikaona ni ya wengine.

Jaribio la kwanza nilipata nne. La pili nilikesha nalo siku tatu nikapata sita, nikatembea nayo mkononi kutoka chuoni hadi Katandala nilikopanga chumba na mwenzangu mmoja wa darasa letu, msichana wa Namanyere. Mazoezi yalinipa tatu. Jumla kumi na tatu. Nilihitaji saba.

"Saba tu?" mwenzangu alisema, anamenya viazi. "Saba kwenye kumi na tano? We dada, hiyo hata aliyelazwa anapata."

"Aliyelazwa hakupata F ya hesabu."

"Basi jilaze."

Kazi ya uwandani ilikuwa hivi. Kila mwanafunzi alipewa kitongoji kimoja. Unachukua orodha ya kaya kwa mwenyekiti, unaandika majina kwenye vipande vya karatasi, unachanganya kwenye bakuli, unachota thelathini. Zilizotoka ndizo hizohizo, huruhusiwi kuchagua kwa sababu nyumba fulani ina mbwa. Halafu unauliza swali moja kubwa na madogo machache ya kulisindikiza. Swali langu lilikuwa: msimu huu kaya yako imevuna ulezi debe ngapi? Mwisho unatafuta wastani, unachora, unaeleza.

Mimi niliangukia kitongoji kimoja upande wa Mwazye. Nilifikia kwa mama mdogo, nikazunguka siku nne na dodoso zangu ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya ule upepo wa mwezi wa sita ambao unaweza kukunyang'anya hata jina. Watu walinipokea vizuri. Debe sita, debe nane, debe tatu na nusu, aa, andika nne tu. Nilipewa maharage, nilipewa togwa, mzee mmoja alinipa ushauri kuhusu ndoa ambao sikuuomba.

Siku ya pili nilifika kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage ndani ya ungo, kitenge chake kimechanika begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Wewe wa wapi, mbona unavaa viatu vya mjini?"

Nilijieleza. Nikamuuliza swali langu. Akaendelea kuchambua.

"Ulezi? Mwaka huu hapana."

"Hapana kabisa, bibi?"

"Hapana."

Nilikuwa na kalamu mkononi, na mahali pa kuandika palikuwa wazi. Lakini niliangalia bega lake, nikaangalia nyumba yenye mlango mmoja, nikashindwa. Kwetu shuleni sifuri ilikuwa inaandikwa kwa wino mwekundu na kuzungushiwa duara, halafu darasa zima linakugeukia. Ningewezaje kumwandikia bibi wa watu sifuri mbele ya jina lake, naye ananiangalia? Nilichora kistari. Nikarudisha dodoso mfukoni haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha mwenzake kwa bahati mbaya, nikamsifia maharage yake, nikaaga.

Baada yake nilikutana na wengine watatu wa namna hiyo. Wote niliwachorea kistari. Nakumbuka nilijisikia mwema sana njiani.

Jumatano ya wiki iliyofuata tulisimama mmoja mmoja mbele ya darasa kueleza. Kila mtu aliulizwa swali. Mimi nilikuwa nimechora mchoro wangu kwa rangi tatu. Nikasema kwa sauti ya ofisa wa kata kwamba kaya za kitongoji changu zimevuna wastani wa debe sita.

Mkufunzi alikuwa na nakala ya kazi yangu. Alikuwa mtu wa ziwani, mtoto wa wavuvi wa huko mwambao wa Tanganyika, na alikuwa na tabia ya kusoma namba akisogeza midomo kama anayeonja chumvi.

"Debe mia moja hamsini na sita," alisema. "Umegawa kwa ngapi?"

"Ishirini na sita, Mwalimu."

"Kaya zilikuwa ngapi?"

"Thelathini."

"Hao wanne wamekwenda wapi? Wamehama?"

Darasa likacheka. Nikasema, "Hawakuwa na jibu."

"Hawakuwa na jibu, au hawakuwa na ulezi?"

Mwenzangu wa chumba alikuwa kiti cha mbele. Alinikazia macho na kusogeza mdomo bila sauti: sema hawakuwepo. Na ningeweza. Kaya ambayo haikukutwa nyumbani ingenigharimu alama moja au mbili kwa kutorudi kuitafuta. Hiyo nyingine, kumchorea kistari mtu aliyekuwepo, niliijua sasa inaitwaje. Ilikuwa ile sentensi ya mistari miwili. Bila alama za uwandani ningebaki na kumi na tatu, na kumi na tatu haiingii chumba cha mtihani.

Sijui kwa nini sikusema hawakuwepo. Labda ni kwa sababu niliwaona kabisa, wamekaa mlangoni kwao, wapo.

"Hawakuwa na ulezi, Mwalimu. Niliona aibu kuwaandikia sifuri."

Sasa darasa lilicheka vizuri. Nyuma mtu akasema, "Huyu awe mweka hazina wa mbinguni!" Mkufunzi hakucheka.

"Ijumaa," alisema. "Baada ya swala. Njoo na dodoso zote thelathini. Anayefuata!"

Chumbani mwenzangu alinisema mpaka viazi vikaungua. "Mshikaji, mtu anakurushia kamba na wewe unaiangalia! Utakeri, halafu mimi mwakani nipange na nani?" Nikamwambia atapata mtu msafi kuliko mimi. Akasema hilo si gumu. Halafu tukaacha utani tukakwangua sufuria, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba nitakeri.

Ijumaa nilimkuta mkufunzi amevaa kanzu na kofia, ofisi yake kweli ndogo, magoti yetu yalikuwa karibu kugusana chini ya meza. Alipekua dodoso moja moja. Alipofika kwenye kistari aliweka pembeni. Vistari vinne.

"Wewe ni Mfipa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ila nimekulia mjini."

"Kwetu mtu akirudi na wavu mtupu, anapiga kelele tangu yuko majini. Nimekosa! Mnamsikia mpaka sokoni. Nyinyi wa huku juu mna heshima nyingi, sawa. Lakini mtu akija kesho kupanga mbegu za msaada, akachukua wastani wako wa debe sita, hawa wanne atawajua?"

"Hapana."

"Basi umewaheshimu, halafu umewafuta." Akanirudishia zile nne. "Hukutunga, na umesema mwenyewe mbele za watu. Rudi kwao. Waulize tena, andika watakachokuambia, waoneshe ulichoandika. Jumatatu saa mbili asubuhi kazi iwe hapa. Nitasahihisha upya. Sikuahidi kitu."

Jumamosi nilirudi Mwazye. Wawili kati ya wale wanne niliwapata kabla ya jua kuzama, ila bibi hakuwepo, na Jumapili asubuhi alikuwa kanisani. Nilikaa nje ya mlango wake mpaka misa ilipotoka. Alikuja na kitenge kipya, rozari mkononi, mwepesi kuliko nilivyomkumbuka.

"Viatu vya mjini! Umesahau nini?"

Nilimweleza yote, mpaka aibu yangu. Nilimwonesha kistari. Aliinamia ile karatasi.

"Sasa kama si sifuri, ulitaka kuandika nini?"

"Niliona vibaya, bibi."

"Uliona vibaya nini? Twende."

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Shamba lote lilikuwa limejaa vichuguu vya udongo, safu kwa safu, kila kimoja kimefukia majani ndani yake. Ndizo intumba tunazozijua Ufipa, na juu ya hivyo vichuguu kulikuwa na mabaki makavu ya maharage yaliyokwisha kung'olewa.

"Shamba langu ni moja," alisema. "Mwaka huu liko kwenye intumba. Majani yanaoza humo, mimi nakula maharage. Mvua zikianza nazitawanya, nasia ulezi. Ulezi wangu ni wa mwakani. Mama yako hakukufundisha?"

Mama alinifundisha kupika ulezi. Wa shambani nilikuwa nauona kupitia dirisha la basi.

"Na maharage nimepata gunia moja na debe mbili," bibi aliendelea. "Kwenye karatasi yako hakuna maharage?"

"Hakuna swali lake, bibi."

"Basi swali lako ndilo bovu. Haya, andika sifuri yako. Iandike kubwa."

Niliiandika. Alinishika mkono akaiangalia, akacheka mpaka akashika kiuno, akasema duara lenyewe limepinda.

Wale wawili wa Jumamosi walikuwa kwenye intumba kama yeye. Wa nne ni mama mmoja ambaye alikuwa ameugua tangu wakati wa kupanda, hakulima kitu. Huyo hakucheka. Nilimwonesha nilichoandika, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndivyo ilivyo." Nilikaa naye kitambo tukipukuchua mahindi aliyopewa na dada yake, nikakosa basi la mchana na kupanda la jioni.

Jumatatu saa mbili kasorobo nilikuwa mlangoni kwa mkufunzi. Nilikuwa nimegawa upya: mia moja hamsini na sita kwa thelathini, debe tano na sehemu mbili za kumi. Chini yake niliongeza aya moja kuhusu intumba, kwamba kaya tatu kati ya zile nne hazikukosa, zamu yao haijafika, na kwamba nilipaswa kuuliza pia shamba liko hatua gani. Nikaongeza na la maharage, kwa sababu niliona bibi atauliza.

Alisoma nikiwa nimesimama. Aliposogeza midomo kwenye ile aya, alirudia mara mbili.

"Hii haimo kwenye kitabu changu," alisema. Akachukua kalamu. "Kazi ingekuwa ya tisa. Mbili nimezikata, kwa sababu masharti yako mlangoni na umeyapita kila siku. Saba."

Saba na kumi na tatu. Sikuhitaji karatasi.

Mwenzangu alipopata habari alipiga vigelegele mpaka mama mwenye nyumba akatoka kuuliza nani kaolewa. Alikuwa na ishirini na tisa zake, lakini siku hiyo alijisifia ishirini zangu.

Asubuhi ya mtihani niliamka kabla yake nikatangulia. Ukumbi ulikuwa umeshafunguliwa na hapakuwa na mtu, baridi imekaa kwenye viti vyote. Nilipita safu ya kwanza, ya pili, nikaikuta namba yangu imeandikwa kwa chaki kwenye meza ya karibu na dirisha. Nikakaa. Meza ikayumba. Nikachana kipande cha karatasi kutoka kwenye daftari, nikakikunja mara nne, nikapiga magoti na kukiweka chini ya mguu mfupi. Nikaisukuma kwa kidole. Ilitulia.