Kona ya Mama Trombley

Wiki mbili kabla ya Krismasi, Mama Odile Trombley alichukua nyundo, akavaa buti za manyoya, akaenda kupigilia kibao kwenye geti la shamba lake: NJIA IMEFUNGWA. Kufika mchana mji mzima wa Pelkola ulikuwa na habari, na kufika jioni kila mtu alikuwa amekwisha kumpata mkosaji wake. Mkosaji wa kweli alikuwa amekaa jikoni kwake, anazungusha kijiko kwenye kahawa iliyopoa.

Huyo ni Reino Saarela, na kama humjui basi hujapita huku kaskazini ya Michigan wakati wa theluji. Miaka thelathini aliendesha magari ya kusafisha barabara za kaunti, akastaafu, na wenzake walipohamia Florida kuota jua kama mijusi, yeye akapanda trekta la chama cha pikipiki za theluji, zile za kuteleza bila magurudumu. Kazi yake ni kuvuta lile bamba kubwa la chuma nyuma ya trekta, kulainisha njia maili sitini, mara nne kwa wiki. Halipwi kitu zaidi ya kahawa na sifa, lakini sifa anazipenda, tena sana. Njia ya Reino, watu husema, unaweza kuweka yai juu yake. Akisikia hivyo hujifanya hajasikia, halafu huuliza, "Umesemaje?"

Sasa mtu wa mbali atasema, njia moja ikifungwa si zipo nyingine? Hapana bwana. Njia yetu hupita katika mashamba ya watu, kwa ruhusa tu, kwa kupeana mikono kila msimu wa majani kudondoka. Kipande cha Mama Trombley hakizidi robo maili, lakini kwa upande mmoja kuna bwawa na kwa upande wa pili barabara kuu, ambako pikipiki ya theluji hairuhusiwi. Kipande kile kikifungwa, Pelkola imetengwa na dunia. Serikali ya jimbo nayo, ambayo hukusanya fedha za vibandiko vya ruhusa vya kila pikipiki na kuwapa vyama, hulipa kwa maili iliyo wazi na kulainishwa, si kwa maili ya kusikitikiwa. Na wageni wasipopita, nani atakula mkate wa mdalasini kwa Kaisa? Kaisa ni binti yake Reino, mwenye mkahawa pale njia panda. Januari ndiyo humlisha mpaka Juni.

Ilikuwaje? Ilikuwa theluji ya kwanza kubwa ya Desemba, na Reino alikuwa na hamu ya kutoka kama bwana harusi. Wenzake walimwambia asubiri upepo utulie. Hakusubiri. Kwenye kona ya Mama Trombley dunia ikawa nyeupe juu na nyeupe chini, vijiti vya alama vimezikwa, naye badala ya kusimama akaendelea kwa mazoea. Mazoea yana taabu. Akakosea kona kwa hatua ishirini, akakata moja kwa moja juu ya uwanda, akarudi njiani bila kujua.

Na uwanda ule ulikuwa na miche ya misonobari, mia mbili, aliyoipanda Mama Trombley kwa mikono yake majira ya kuchipua. Ilikuwa chini ya theluji, haionekani.

Lingeishia hapo lisingekuwa neno kubwa. Lakini huku kwetu mwendesha pikipiki hafuati kibao wala ramani, hufuata theluji iliyolainishwa. Siku mbili baadaye jua lilipotoka, Reino alipita tena, akaiona njia yake ya uongo ikimeremeta, nzuri kuliko ile ya kweli, na juu yake alama za pikipiki zisizo na idadi. Vichwa vya misonobari vilivyovunjika vilikuwa vimetapakaa kila mahali. Akashuka, akavihesabu mpaka arobaini, akaacha. Halafu akafanya lile lililomla moyo tangu siku ile: akarudi na trekta, akasukuma theluji juu ya kosa lake, akachomeka vijiti upya, akaenda zake nyumbani kula.

Mkahawani kwa Kaisa lawama za miche iliyovunjwa zilikwisha kupata mwenyewe.

"Ni wale vijana wageni wa Illinois," alisema Dale Pesola, mwenyekiti wa chama, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Mtu ana pikipiki ya bei ya nyumba, akili hana hata ya senti kumi. Nawajua."

"Umewaona?" Kaisa aliuliza huku akimimina kahawa.

"Ya nini kuwaona? Nawajua. Au siyo, Reino?"

Reino alitazama kikombe chake. "Huenda," akasema.

Neno moja hilo, nalo ni uongo mtupu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo mwenyewe huiona ndefu ajabu.

Dale aliona rafiki yake amenyong'onyea, akaona amchangamshe. Pale nje palikuwa na pikapu mpya ya Reino, ya haibridi, yaani ya mafuta na umeme pamoja, na tangu ainunue mwaka jana hajapata kunywa kahawa kwa amani. "Haya, leo umeilisha mafuta au umeichomeka ukutani pamoja na kibaniko cha mkate?"

"Haichomekwi ukutani, nimekwambia mara mia. Inajichaji yenyewe ikitembea."

"Basi na wewe ungejichaji, maana unatembea kama betri imekufa."

Watu wakacheka. Siku nyingine Reino angewapa somo zima: kwamba akivuta trela lenye pikipiki mbili pikapu yake hunywa kama zao, hakatai, lakini siku zisizo na trela hupita kituo cha mafuta akipunga mkono tu, na mchezo huu wa theluji, ambao haukuumbwa kwa ajili ya maskini ingawa ni maskini wanaoucheza, humtaka mtu abane mahali fulani. Pikipiki, mkanda wa akiba, kofia, kibandiko, mafuta, halafu mke anauliza paa litatengenezwa lini. Siku ile alilipa tu, akaondoka, na Kaisa akamfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Dale alikwenda kwa Mama Trombley mara tatu kuomba geti lifunguliwe. Mara tatu alipewa kahawa na biskuti, akaulizwa habari za magoti yake, akasindikizwa mpaka nje. Kibao kikabaki.

Ikafika Jumamosi ya pili ya Januari, siku ya karamu ya wenye mashamba. Hiyo ni mila ya chama, haijawahi kurukwa: kila aliyetoa ruhusa ya njia hupikiwa, hupakuliwa na viongozi wenyewe, na huondoka na paja la nguruwe la kwenda nalo nyumbani. Saa kumi alasiri, nyama zikiwa nusu mbichi kwenye masufuria ya umeme na watu themanini wakivua makoti, upepo ukaangusha mti juu ya nyaya za umeme. Ukumbi mzima ukawa kimya na baridi ikaanza kunyemelea.

"Tumekwisha," akasema Dale.

"Nipisheni," akasema Reino. Akaenda nje, akarudisha pikapu yake kinyumenyume mpaka mlango wa jikoni, akafungua kifuniko ubavuni mwa sanduku la nyuma, ambako mna matundu ya umeme kama ya nyumbani. Akavuta nyaya. Sufuria la kwanza likaanza kunung'unika, la pili, birika kubwa la kahawa, taa mbili. Pikapu yenyewe imetulia, mara moja moja inanguruma kidogo na kunyamaza, kama babu anayesinzia.

Wacha watu washangilie. Dale akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba maneno yote aliyowahi kuyasema juu ya gari lile anayafuta, isipokuwa ya rangi yake. Nyama ikaiva, pai zikapashwa moto, mzee mmoja akatoa kinanda cha mkono. Hakukuwa na karamu tamu kama ile kwa miaka mingi. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu, chenye karatasi iliyoandikwa Trombley, na Reino kila akipita na sinia alikizunguka kwa mbali.

Baada ya chakula Dale akatoa kibati cha shaba kwenye ubao wa mwaloni. "Misimu kumi na miwili," akasoma, "bila kupotea njia hata mara moja. Njoo hapa, mzee."

Watu themanini wakasimama, wakapiga makofi. Mkewe Reino, Lorna, alikuwa analia kwa furaha. Reino alikipokea kile kibati kwa mikono miwili, akafungua mdomo kusema, akaona nyuso zote zile zinazompenda, akasema, "Asanteni." Akaketi. Alijichukia pale pale, na kumbukeni ni mtu ambaye kwa kawaida alijipenda vizuri tu.

"Una nini wewe, baba Kaisa?" Lorna alimwuliza garini. "Umepewa heshima, uso kama umepewa hukumu."

Akamweleza yote.

"Mficha uchi hazai," akasema Lorna. "Kesho baada ya kanisa unakwenda. Tena unakwenda peke yako, mimi nisije nikakusaidia kusema."

Mama Trombley alikuwa anapasua kuni alipofika. Ana miaka sabini na tisa na hataki kusaidiwa, kwa hiyo Reino alisimama na kofia mkononi akingoja gogo lipasuke.

"Mama Trombley, nimekuja kwa ajili ya miche yako."

"Ehe."

"Si vijana wa Illinois. Ni mimi. Theluji ilinipiga macho, nikakata kona. Pikipiki zilinifuata mimi. Halafu nikafukia, nisionekane." Akazungusha kofia mkononi. "Miaka yote hii nawaambia watu wasitoke njiani. Nimeona aibu, nikashindwa kuja."

Mama Trombley akachomeka shoka kwenye kigogo. "Pikipiki ina upana gani, Reino?"

"Futi nne."

"Na bamba lako?"

Reino aliona kila kitu kwa mara moja, masikio yakamwaka moto.

"Futi tisa," akasema bibi. "Kuna chombo kimoja tu wilaya hii chenye kuacha alama ya futi tisa, na kina mwendeshaji mmoja. Niliona siku ile ile, kabla hujarudi kufukia. Na ulivyorudi kufukia nilikuwa dirishani nakula supu."

"Ulijua? Tangu Desemba? Basi si ungemwambia Dale, ukafungua geti?"

"Ningemwambia Dale, ungeletwa. Mimi nilitaka uje." Akajifuta pua kwa glavu. "Misonobari huota mingine, mwanangu. Lakini marehemu Armand alikupa mkono pale getini ulipoanza kazi hii, akaniambia, kijana yule akikosea atakuja kusema. Mwezi mzima nimekaa hapa naona mume wangu alikuwa mjinga, na sikupenda kuona hivyo."

Hapo Reino alilia, na hapakuwa na upepo wa kusingizia. Bibi alimwacha alie, akaokota kuni zake, akampa azibebe.

Masharti yalikuwa matatu. Miche arobaini na mitatu ipandwe Mei, na Reino awe na jembe mkononi. Vijana wa Illinois wasafishwe jina mbele ya watu, mkahawani, kahawa ikiwa moto na viti vimejaa. La tatu atalisema baadaye.

La pili lilifanyika Jumatatu asubuhi. Reino alisimama kwenye kaunta, akaweka kibati mezani, akasema yote bila kupunguza, hata la kufukia. Kaisa aliweka chini birika, akaja akasimama kando ya baba yake.

Dale alikichukua kile kibati, akakigeuza. "Mimi ndiye niliyewatukana wale vijana kwa sauti kubwa kuliko wote," akasema. "Na chama chao nimekiandikia barua." Akakuna shingo. "Itabidi nichonge upya. 'Bila kupotea njia, isipokuwa ile aliyoitengeneza mwenyewe.'"

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Hawakumnyang'anya ufunguo wa trekta, ingawa tangu siku ile hapiti mtu bila kumwuliza kama amepata njia ya kutoka chooni.

Jumanne kibao kiling'olewa. Reino alifika na trekta jua likiwa limetanda juu ya theluji mpya, akamkuta Mama Trombley getini, amevaa kofia ya marehemu mumewe, mkoba mkononi kama anayengoja basi. Akaeleza sharti la tatu: miaka kumi na miwili ameisikia mashine ile ikipita dirishani, na hajawahi kuikalia.

Reino akampandisha, akamfunga mkanda, akamwekea blanketi magotini. Wakaanza. Bamba nyuma likatandika theluji, nyeupe na laini, na bibi akageuka kuitazama kama mtu anayetazama kitambaa kinavyotoka kwenye cherehani. Walipofika kona, Reino akapunguza mwendo mpaka karibu kusimama, jasho likimtoka chini ya kofia.

Mama Trombley akanyoosha kidole kwenye kioo. "Kushoto kidogo, mwanangu," akasema. "Hapo. Sasa twende."