Baba Kwenye Ukurasa wa Mbele

Kila nikifika mji nisioujua huuliza kwanza duka la intaneti liko wapi, ndipo niulize pa kulala. Nimefanya hivyo Tunduma, Songea, hata ng'ambo ya mpaka kule Mzuzu. Wenye maduka hudhani nina barua za haraka. Sina. Nataka tu kumwona baba.

Baba alikuwa na nyumba ya wageni Mwaya, karibu mno na ziwa, kiasi kwamba upepo wa mwezi wa saba ulirusha mchanga wa pwani hadi barazani. Aliijenga aliporudi kutoka migodini Afrika Kusini. Enzi za foleni za sukari na sabuni wageni wetu walikuwa walimu na maofisa wanaosubiri meli, na hawakuwa na pengine pa kwenda. Biashara zilipofunguliwa kila mtu akajenga gesti. Za mjini Kyela zilikuwa na feni na televisheni. Yetu ilibaki na upepo.

Mimi sikuwepo miaka hiyo. Nilikuwa natembea, kama kawaida yangu, leo kwenye malori, kesho kwenye mashamba ya watu. Niliporudi nilikuta vyumba vina popo na baba zangu wadogo wameitisha kikao. Kiwanja kilikuwa cha ukoo, na mfanyabiashara mmoja wa mpunga alikitaka ajenge ghala. Wakasema: wageni wakilala humu kabla ya masika, nyumba ibaki. Wasipolala, ghala lijengwe.

"Na mimi mnanipeleka wapi?" baba akauliza.

"Ndandalo, kaka. Kuna migomba, kuna kivuli, kuna wajukuu."

"Na ziwa je?"

Baba alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba anataka kufa akisikia maji.

Dereva mmoja ndiye aliyeniambia kwamba Wazungu siku hizi huchagua pa kulala wakiwa bado kwao, kwenye kompyuta. Nikapanda hadi Mbeya. Katika duka la intaneti nikaona karatasi ukutani ya mtu anayetengeneza tovuti. Hakuwa na ofisi wala kampuni, alikuwa anajitegemea, na meza aliyokalia ilikuwa ya duka. Alikuwa fundi redio mwenye upara. Redio zilipopungua, akahamia huku.

"Una picha?" akaniuliza.

"Sina."

"Sasa unauza nini, kaka? Upepo?"

"Ndiyo. Upepo na maji."

Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Basi nitashuka mwenyewe nikaupige picha huo upepo. Ila mchele nitakaopewa uwe wa Kyela kweli, siyo ule mnaowachanganyia watu wa Dar."

Alishuka. Mama yake alikuwa wa Tukuyu, kwa hiyo alimsalimu baba kwa Kinyakyusa kilichonyooka, na baba akampenda papo hapo. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti la migodini na kofia pana ambayo haikuwahi kumwacha. Akakaa kwenye kiti barazani, ziwa likiwa nyuma yake, milima ng'ambo. Fundi akapiga.

"Hii ndiyo inakaa mbele," akasema. "Mzungu akimwona mzee kama huyu anajua hapa hataibiwa."

"Ulaya watanijua?" baba akauliza.

"Watakujua kuliko mkuu wa wilaya."

"Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Baba alishukuru hivyo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupokea wageni.

Mke wangu hakuwepo barazani. Alikuwa nyuma ya jiko, mahali alipokuwa kila baba alipokuwa mbele. Alikuwa ameolewa kwetu miaka mingi na hakuwahi kumtazama baba usoni. Haukuwa ugomvi. Kwetu mke wa mtoto humwogopa baba mkwe: akisikia kikohozi chake huacha njia akaingia migombani, hujifunika khanga, na jina lake halitamki. Wengi wa mjini wameacha. Yeye hakuacha. Chakula alichompikia kilipelekwa na wengine, na baba aliujua mkono wake kwa chumvi.

Tulikuwa watatu barazani, wote tunaijua mila hiyo tangu kuzaliwa, tukaichagua picha ile na wala hakuna aliyekumbuka. Tulidhani heshima hiyo ni ya njiani na uani. Nani angefikiri kompyuta nayo ni uani?

Kwa maana mke wangu ndiye aliyekuwa afungue barua. Alikuwa na cherehani yake Mbugani, mjini Kyela, hatua chache kutoka duka pekee la intaneti, na alijua kupiga chapa tangu masomo ya ukarani. Fundi alimfundisha mchana mmoja, picha ya baba ikiwa bado haijapandishwa. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya maji tu. Andika anwani, ngoja ukurasa wa mbele ufunguke wote, shuka chini, bonyeza palipoandikwa "Wageni". Njia ilikuwa hiyo moja.

Mimi nikavuka mpaka kwenda Karonga hadi Nkhata Bay, nikiwagawia Wazungu wa mabegi vipande vya boksi nilivyoandika anwani ya tovuti. Niliogopa masika kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Kila nilipoona wingu upande wa kwetu niligawa vipande vyangu haraka zaidi.

Niliporudi nilimkuta mke wangu anakata kitambaa.

"Wameandika?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sikufungua." Mkasi ukasimama. "Baba yupo pale."

Sikuelewa. Akanieleza bila kuinua macho. Intaneti ya Mbugani ilipita kwenye waya wa simu, na picha ilishuka kutoka juu kidogo kidogo kama pazia. Kwanza anga. Halafu kofia.

"Nilipoona ukingo wa kofia nikainuka. Nikarudi siku nyingine, kofia ikaja tena. Ulitaka ningoje mpaka macho yafike?"

"Ni picha, mama watoto!"

"Ni baba."

Nilikimbilia dukani na vumbi langu la safari. Nikafungua mwenyewe. Barua zilikuwepo. Wauguzi wawili walitaka chumba. Mtu na mkewe waliomba wapokelewe bandarini Itungi, wakataja na siku ya meli. Chini yake palikuwa na maneno yao mengine: wamengoja hadi jua limezama, hakuna aliyekuja, wamepata pengine. Nikajibu zote, nikiomba radhi kwa Kiingereza changu cha sekondari. Nikakaa pale nikiitazama skrini mpaka mwenye duka akanigusa bega.

Nilitaka picha itolewe siku ileile. Simu ya fundi haikupatikana. Nikapanda Mbeya, wakaniambia amepata kazi Dar na hakuacha anwani. Maneno ya siri ya kuingilia kwenye tovuti alikuwa nayo kichwani. Nilirudi nikakaa na baba barazani, nikamweleza yote, hata sababu. Nilitegemea angefoka.

Aligeuzia kiti chake majini.

"Mwambie mkwe wangu amefanya vizuri," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini nyumba inaondoka."

Nikampelekea mke wangu maneno yote mawili. Alilia kwa lile la kwanza. Kesho yake akafunga cherehani, akaingia dukani, akavua khanga ya mabegani na kuifunika skrini. Mwenye duka, ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye hakuwahi kuuacha mzaha upite, akapiga kelele:

"Shemeji! Mashine yangu umeivisha buibui?"

"Ina mkwe wangu ndani."

"Basi mwambie atoke alipie, amekaa muda mrefu!"

Watu wakacheka, na yeye akacheka ndani ya kiganja. Alingoja mlio wa mashine utulie, akahesabu vidole, akashusha ukurasa bila kuona, ndipo akafunua. Chini kabisa, mbali na kofia, akabonyeza "Wageni", na palikuwa na barua mpya. Watu wanne. Wangeshuka kutoka Mbeya wiki ya mwisho kabla ya masika, walale siku tatu.

Sijawahi kufanya kazi kama wiki zile. Tulifukuza popo, tukapaka chokaa, tukaazima vyandarua kwa majirani. Baba alikaa na koti lake tangu asubuhi, joto au si joto. Baba zangu wadogo walipita, wakaona, wakaenda zao.

Mvua ikaja mapema. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika tu, usiku na mchana, na mashamba ya mpunga yakaungana na barabara. Mke wangu alitembea maji ya magoti kutoka mjini kuniletea karatasi aliyonakili mwenyewe. Wageni walikuwa wamefika Mbeya. Walikuwa wameambiwa huko chini hakupitiki. Walisema wanasikitika, na kwamba walitamani sana kumwona yule mzee mwenye kofia.

Nilimsomea baba sentensi ile ya mwisho tu.

Tulimhamishia Ndandalo maji yalipokauka. Walimpa chumba kizuri. Kila asubuhi alitoa kiti chake na kukielekeza kusini, upande liliko ziwa, na kusini kulikuwa na migomba tu. Alikaa hivyo hadi alipofariki. Mwaya kuna ghala sasa, na baraza yetu imo chini ya sakafu yake.

Ukurasa ulikuwa umewekwa mahali pa bure na hakuna anayejua namna ya kuufuta, kwa hiyo upo. Bado unasema karibuni. Nimeendelea kutembea, kwa sababu sijapata tena mahali panaponishika, na ndiyo maana huuliza duka la intaneti kwanza.

Safari iliyopita nilipopita nyumbani mke wangu alinifuata dukani kwa yule yule mwenye mzaha, ambaye mara hii alitusogezea viti tu. Nilipofungua, yeye alikaa ameupa mlango uso. Picha ikaanza kushuka.

"Kofia amevaa?" akaniuliza.

"Amevaa."

"Na nyuma yake ziwa linaonekana?"

Nikangoja mpaka picha ifike chini.

"Linaonekana. Lote."

Akavuta khanga kichwani, akiwa bado anatazama barabara.

"Basi usimfunge upesi," akasema.