Kumrudisha Ilunga Ziwani Kisale

Niliondoka Kamina kwa sababu ya ndugu yangu, si kwa sababu ya samaki. Nalisema hilo mapema, maana majirani walioniona nikifunga ndoana kwenye kipande cha kitambaa walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi ni fundi wa cherehani. Maji ninayoyajua ni yale ya ndoo.

Ilunga ni mdogo wangu, tumbo moja. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni wanaovua kwa ndoana huko Sanga, kando ya ziwa Kisale. Walimu, wafanyabiashara, maofisa wa jeshi wa Base ya Kamina, wote aliwakalisha ndani ya mtumbwi wake na kuwapeleka pembezoni mwa ziwa, karibu na mafunjo, mahali samaki wanapojificha. Mwaka jana, katika majira haya haya ya upepo kabla ya mvua, mtumbwi ulipinduka akiwa na mgeni. Mgeni alikunywa maji, akatapika, akapona. Ilunga ndiye ambaye hakupona. Alikuja kwangu kupumzika kidogo, akapumzika mpaka akaanza kuuza vocha za simu barazani kwangu, akiwa amekaa kwenye kiti kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini.

Kisha Numbi, mke wake, akatuma neno kupitia dereva wa pikipiki. Hakutukana wala hakulalamika. Alisema tu kwamba mvua ya kwanza ikinyesha Ilunga hajarudi, atawachukua watoto aende kukaa kwa baba yake, Kabondo-Dianda. Ilunga alilisikia neno hilo, akaendelea kumhesabia mteja vocha. Nilikasirika sana. Jioni ile nilimwambia kwamba nataka kwenda kuvua Kisale na kwamba yeye ndiye atakayeniongoza.

"Yaya, weye unaogopa hata mvua ikiwa ku dirisha," alinijibu. Yaya ni mimi, mkubwa wake.

"Njo maana nataka muntu mwenye kujua maji."

Alizipanga vocha zake upya, moja moja. Mwishoni alisema atanifikisha Sanga tu. Kwenye maji nitafute mwingine. Nikakubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kwamba sitapanda mtumbwi wa mtu mwingine yeyote hata nibembelezwe kwa ngoma.

Asubuhi ya kuondoka, vumbi la Kamina lilikuwa limesimama angani kabla hata ya jua. Tulikodi pikipiki mbili, mimi mbele na yeye nyuma, kwa sababu nilitaka awe anameza vumbi langu asipate nafasi ya kumwambia dereva ageuze. Nilijifunga kitambaa usoni. Mizigo yetu ilikuwa michache: unga wa bukari, yaani ugali wetu, chumvi, nguo nilizowashonea watoto wake, na zile ndoana.

Njia ya Kabondo-Dianda haina huruma. Kuna mahali mchanga unameza gurudumu nusu, abiria anashuka na kusukuma huku dereva akimpa maelekezo kama bosi. Tulivuka mito midogo iliyokauka, tukapita mashamba yaliyochomwa yakingoja mvua. Kila tulipopumzika nilimtazama Ilunga akitazama mbingu. Mawingu yalikuwa bado membamba. Nadhani sote wawili tulikuwa tunasoma kitu kimoja pale juu, ila hakuna aliyekitaja.

Jua lilipokuwa linalala tulifika Kabondo-Dianda, na kwa adabu ilitubidi kulala kwa mkwe wake, Papa Mwamba. Ni mkulima, Mkatoliki wa tangu zamani, mtu wa maneno machache. Alitupokea vizuri, tukala bukari na sombe ya majani ya muhogo, tukasali. Baada ya chakula alimchukua Ilunga na kumwonyesha chumba cha pembeni ya nyumba. Nami nilifuata, maana hakuna aliyenikataza. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, na mikeka ya watoto imesimamishwa ukutani.

"Bwana ya mwanamuke akikufa, bantu banalia, inaisha," Papa Mwamba alisema taratibu. "Weye uko muzima. Numbi atalia mpaka wapi?"

Ilunga aligusa mkeka mmoja kwa vidole. Alirudi nje akakaa na mgongo wake kwetu. Nilimwonea huruma, lakini sikwenda kumbembeleza. Kama ningeanza kumbembeleza usiku ule, tungerudi Kamina asubuhi.

Kesho yake, mchana, tulifika Sanga. Upepo ulitupokea kabla ya watu. Ziwa lilikuwa limechafuka, rangi ya chai ya maziwa, na mafunjo yalikuwa yakiinama yote upande mmoja. Watoto wa Ilunga walikuja mbio, wakamkumbatia miguuni. Numbi alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alimsalimu mume wake kama anavyosalimiwa mgeni wa heshima, akampa kiti, akampa maji ya kunawa, na mimi nilitamani angemtukana tu, ingekuwa afadhali.

Jikoni aliniambia kwamba majirani walishamshauri amwache. Hataki mali ya Ilunga, alisema, na njaa anaijua, haimtishi. Kinachomuumiza ni kwamba mwanamume aliyemwoa alikuwa anaongea kutwa nzima, na huyu aliyekaa kwenye kiti hajui hata kuuliza chumvi iko wapi.

Saa za alasiri jirani mmoja, mwongozaji vilevile, alikuja kutaka kuniongoza. Ana mtumbwi mkubwa, mpya. Nilimshukuru, nikamwambia mimi nina mwongozaji wangu. Akatazama kiti cha Ilunga, akanitazama mimi, akaenda zake. Ilunga alikasirika. Aliniambia namwaibisha mbele ya watu. Nilimjibu kwamba kesho alfajiri nitakuwa nimekaa ndani ya mtumbwi wake, peke yangu kama ni lazima, na kama upepo utanichukua basi wanizike na cherehani yangu.

Alfajiri nilitimiza. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduliwa mchangani, umejaa majani makavu. Nilijitahidi kuugeuza, nikashindwa. Nilikuwa bado nahangaika nao nilipoona mikono mingine inaushika upande wa pili. Ilunga hakunisalimu. Aliugeuza, akaugonga kila mahali kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaziba ufa mmoja kwa lami. Halafu alinyoosha masharti yake: tutapita pembeni tu, ndani ya njia za mafunjo, nivue viatu, nikae chini kabisa, si juu ya ubao, na nifanye kila analosema bila kuuliza. Alisema hayo huku akifunga na kufungua fundo lile lile la kamba. Nikasema dakor, nimekubali.

Asubuhi hiyo, mpaka jua lilipopanda, tulivua vizuri. Kwa mtu asiyeijua Kisale lazima nieleze jambo moja. Yale mafunjo yanaelea. Ukiyatazama unaona nchi kavu, na kuna watu wanaojenga vibanda juu yake, wanapika, wanafuga kuku. Kumbe ni mizizi iliyoshikana, na chini ni maji. Upepo ukivuma kwa nguvu, kisiwa kizima kinahama. Kwa hiyo mwongozaji wa huko, akiufunga mtumbwi kwenye mafunjo ili kujikinga na upepo, huchomeka upondo wake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kwenye tope, kando kabisa ya mtumbwi. Upondo hauendi popote. Ukiona unaachana nao, ujue nchi uliyojifunga imeanza kutembea, na njia uliyoingilia inaweza kufungwa nyuma yako.

Ilunga aliufunga mtumbwi kwenye mafunjo, akachomeka upondo, akaniambia niutazame kila mara wakati yeye anachota kwa kibuyu maji yaliyokuwa yakiingia kidogo kwenye ule ufa. "Kazi yako ni moja tu, Yaya. Angalia ule muti."

Niliutazama. Nawaapia niliutazama kwa muda mzuri. Nilikuwa nimeshapata tilapia watatu wadogo, na kila nilipotoa mmoja niliutazama tena. Kisha uzi ukavutwa kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia mkononi mwangu. Alikuwa kambale, mkubwa, na alikuwa hataki mchezo. Nilivuta, akavuta. Nilimtukana, nikamwomba, nikaushika uzi kwa meno. Ilunga aliacha kuchota maji, akaja kunisaidia, na tukampandisha ndani, akiwa anapiga kila kitu kwa mkia. Nilicheka kama mtoto. Nilimwona Ilunga naye anacheka.

Tulipogeuka, upondo ulikuwa mbali, umesimama peke yake katikati ya maji.

Nyuma yetu, pale tulipoingilia, hapakuwa na njia. Kisiwa chetu kilikuwa kimesogea na kukutana na kingine, mafunjo yameshikana kama ukuta. Upepo ulikuwa umeongezeka bila mimi kuusikia, na ulikuwa unatusukuma, sisi na kisiwa chetu, kuelekea katikati ya ziwa. Upande mmoja tu ulibaki wazi, nao ulikuwa wa maji makubwa yenye mawimbi meupe. Ndiyo maji yale yaliyompindua mwaka jana.

Ilunga aliketi. Aliweka mikono juu ya magoti. Uso wake ulikuwa umepauka, na nilielewa, kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza ubishi wangu wote, kwamba ningeweza kumuua ndugu yangu kwa ukaidi. Niliogopa sana. Nilitaka kusema kitu cha kumtia moyo, na maneno yote yakanikimbia. Nilichoweza kusema ni kwamba naogopa.

Akanitazama. Alinitazama vizuri, kama mtu aliyekumbuka kwamba si peke yake mtumbwini.

"Usiogope," alisema. "Teremuka chini. Weka mugongo yako ku mbao. Mikono ndani. Miye niko hapa."

Alifungua kamba, akashika kafi. Hakutoka mara moja. Alingoja, anatazama maji, anahesabu kwa midomo. Nilikuwa sijui kwamba upepo una pumzi. Unavuma kwa nguvu, unachoka kidogo, kisha unaanza tena. Alipoona umechoka, akatusukuma nje. Aliuelekeza mtumbwi kimshazari dhidi ya mawimbi, si moja kwa moja, si ubavu. Wimbi la kwanza lilinimwagikia mapajani. Nilifumba macho.

Na hapo akaanza kuongea. Alikuwa akipiga kafi na kuongea, kwa sauti ile ya kuwaongoza wageni ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa sababu sikuwahi kuwa mgeni wake.

"Fungua macho, Yaya. Angalia ku kushoto. Ile ndege nyeusi iko na shingo mulefu, ikiingia mu maji inatokaka mbali. Bon. Sasa angalia kule ku mwinuko. Kule njo bantu ba zamani balizikwa, na vyungu vyabo, na shaba yabo. Baprofesere balikuya kuchimba."

Wimbi lingine. Akanyamaza, akapiga kafi mara kadhaa upande mmoja, tukapanda, tukashuka, akaendelea pale pale alipoachia. Aliniambia samaki gani wanataga wapi mvua zikianza. Aliniambia baba yetu alimfundisha kuogelea kwa kumfunga kamba kiunoni. Kama bado alikuwa anaogopa, kazi iliificha hofu yake, sikuiona. Nilichota maji kwa kibuyu na kuyamwaga nje bila kuambiwa, nikitazama kushoto alipoonyesha kushoto na kulia alipoonyesha kulia. Nilikuwa nalia, lakini na maji yale yote hakuna ambaye angejua.

Tulipofika ufukweni Numbi alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini, na wanaume wawili nyuma yake wakiwa na mtumbwi tayari kututafuta. Ilunga aliruka, akavuta mtumbwi mpaka mchangani, akaketi chini na kutapika. Numbi alikaa karibu naye. Alipomaliza kutapika, Ilunga alinawa mdomo, akageukia mke wake, akaanza kumsimulia kuhusu yule kambale, alivyovutwa, nilivyouma uzi kwa meno, nilivyomtukana. Alisimulia kwa muda mrefu. Numbi alikuwa akimtazama mdomo.

Asubuhi ya kurudi, upepo ulikuwa mkali kuliko siku ile. Nilimkuta Ilunga ufukweni na mfanyabiashara mmoja aliyetaka kwenda kuvua. Alimkatalia. Alisema leo hapana, maji hayafai, aje kesho mapema kabla upepo haujaamka. Mfanyabiashara akasema atakuja. Ilunga akachukua panga kwenda kukata upondo mpya.

Nilimuuliza kama amefunga mzigo wake. Badala ya kujibu, alinikaripia.

"Siku ingine nikikuambia uangalie upondo, unaangalia upondo. Hata samaki ikikuwa kubwa sawa nyumba. Unasikia?"

Mimi ndiye mkubwa. Tangu utoto wetu ni mimi niliyekaripia katika ukoo huu. Nilisema nimesikia, nikapanda pikipiki, nikaona raha tupu.

Njiani mvua ya kwanza ilinikuta kabla ya Kabondo-Dianda, mvua kubwa, na dereva akataka tujikinge. Nilimwambia twende tu. Nilifika kwa Papa Mwamba nikiwa nimelowa chapachapa, peke yangu, bila Numbi wala watoto. Alitazama nyuma yangu barabarani, akahakikisha hakuna pikipiki ya pili, kisha akaingia ndani kunitafutia nguo kavu.

Nimerudi Kamina na kambale aliyekaushwa kwa moshi na vidole vilivyochanwa na uzi. Nilikwenda nikiamini kwamba nitamtia ndugu yangu moyo. Mwaka mzima tulimtia moyo, tulimwombea, tulimwambia asiogope, na hakuna kilichomsaidia. Kilichomsaidia ni kuona mtu anayeogopa kuliko yeye, ambaye hana mwingine wa kumfikisha nyumbani. Sisemi kila mtu ajaribu njia yangu. Ile siku tungeweza kufa.

Jana mwanajeshi mmoja wa Base alikuja barazani kutafuta vocha. Alikuta kiti kitupu, akaniuliza Ilunga yuko wapi. Nilisimamisha cherehani ili anisikie vizuri.

"Iko ku kazi," nikamwambia.