Uso wa Muuaji

Mvua ikinyesha hapa kituoni Kawangware 56, magunia ninayofunikia vitabu ninavyouza hulowa, na harufu yake hunirudisha utotoni Kisumu Ndogo, kwenye kibanda cha video.

Madirisha yake yalizibwa kwa magunia kama haya. Sisi watoto tulikaa chini, mbele kabisa, shingo juu. Siku moja, kwenye filamu, mpelelezi alimkuta muuaji amesimama dirishani, amempa mgongo, akamshika bega. Muuaji akaanza kugeuka polepole, nami nikauma kola ya sare yangu.

Mwenye kibanda akakata filamu.

"Watoto nje! Mpira unaanza."

"Anko, tuonyeshe tu uso," nilimsihi.

Alinivuta sikio hadi mlangoni, wanaume waliokuja kutazama mpira wakicheka. Nyumbani mama alikuwa amekaanga omena, sikuigusa. Nilikaa nikimtafutia yule muuaji uso, na uso uliokuja ulikuwa wa mwenye kibanda, pamoja na pengo lake la mbele.

Siku hizi naandika riwaya za mauaji. Kila muuaji wangu ana pengo. Wengi nimewafunga maisha, mmoja nikamnyonga. Bado sijatosheka.

Leo mzee mmoja amekuja kujikinga mvua kwangu. Alichukua riwaya yangu, akaisoma mchana kutwa bila kuinua kichwa. Alipofika sura ya mwisho alitabasamu, nikaliona pengo lile lile.

Nikamnyang'anya kitabu.

"Ai, madam! Wacha nione tu ni nani!"

"Nje, mzee," nikamwambia. "Mpira unaanza."