Ukuni Wangu na Mugumo

Nilipokuwa mtoto, miaka ya hamsini ikianza, dunia yangu ilikuwa shamba moja la mzungu upande wa Njoro: pareto, ng'ombe na baridi. Shule yetu ilikuwa banda la mabati. Kila mwanafunzi alifika na ukuni kwapani wa kuwasha moto, na asiyekuwa nao alikaa mlangoni, penye upepo. Mdogo wangu Mwangi ndiye aliyepelekwa. Ukuni wake niliutafuta mimi.

"Nyumba hii inasomesha mvulana," Baba alisema. "Wewe utachuma pareto na mama yako."

Niliumia hata chakula kikanishinda.

Karibu na zizi palikuwa na mti mkubwa wa mugumo. Nyanya yangu, ambaye tulimwita Cucu, alituonya sisi wasichana tusiuchezee: ukiuzunguka mara saba, unageuka mvulana. Wenzangu waliukwepa. Mimi nilianza kuupigia hesabu.

Jumamosi moja, mchana kweupe, wachumaji wa pareto wakipimiwa maua yao hapo karibu, niliuzunguka nikihesabu kwa sauti. Mama mmoja akapiga mayowe. Nilipomaliza mara ya saba nilijipapasa, nikajaribu sauti yangu. Ilikuwa ileile! Nilikasirika kweli. Nikaokota ukuni mnene, nikaenda nao moja kwa moja kwa Baba, majirani wakinifuata.

"Nimezunguka mugumo," nikamwambia. "Mimi ni mvulana sasa. Jumatatu naenda shule."

"Wacha upuzi! Mti inaweza geuza mtu?"

Cucu alikuwa kando akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Kwa hivyo mimi nadanganya watoto?"

Baba akatazama chini. Kumwita mama yake mwongo mbele ya watu hangethubutu.

"Amezunguka, watu wameona," Cucu akaendelea. "Ulisema unasomesha mvulana. Huyu hapa, msomeshe."

Baba hakunizuia tena.

Jioni ya Jumapili Cucu aliziba tundu la gauni langu kwa uzi mweusi, akanirudishia. "Vaa hii kesho, msichana wangu," akaninong'oneza. "Na usikae mlangoni."

Kumbe alijua muda wote. Sikugeuka mvulana, na leo, nikiwa nami nyanya wa watu, sijawahi kuomba radhi kwa mtu yeyote kwa kubaki nilivyozaliwa. Waliotakiwa kugeuka walikuwa wengine, si mimi. Jumatatu ile niliingia bandani na gauni langu, nikatia ukuni wangu motoni, nikakaa mbele.