Mkono wa Kulia

Usiniangalie hivyo. Sikuwa na homa, sikuwa nimelewa, na kama macho yangu huyaamini basi iamini pua yangu, maana uvundo ule ninao mpaka leo. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye machimbo ya kokoto nyuma ya Mwandiga.

Mimi ni askari wa wanyamapori. Mwaka ule mamba alikuwa amekula watu wawili upande wa Ujiji, na wenyeji wakasema huyo ni mamba wa mtu, si wa Mungu. Sisi tulicheka. Tuliagizwa tumuue, mimi na mwenzangu Sefu, tukapewa bunduki yenye kilengeo kipya cha holografia. Unakijua? Ni kidirisha cha kioo kinachofungwa juu ya bunduki. Ukichungulia unaona duara jekundu lenye nukta katikati, linaelea pale pale unapolenga, na siri yake ni kutofumba jicho hata moja. La kulia linapita kiooni, la kushoto linaangalia nje, na vyote unaviona kwa pamoja.

Sasa, kioo kikishafungwa lazima kirekebishwe. Risasi zetu za kwanza zilikwenda kushoto mwa alama, kiganja kizima. Kuna skrubu ya juu na chini, na nyingine ya kushoto na kulia. Unazungusha kidogo kwa sarafu, unapiga tena, unatazama karatasi. Sefu alipiga, mimi nikazungusha.

"Kulia," akawa anasema. "Kulia tena. Bado, kulia."

Ndipo mzee mmoja akatokea korongoni, akasema amesikia tunataja wa kulia.

Toba! Sijui nianzie wapi. Mkono wa kulia wa shati lake ulining'inia mtupu. Wa kushoto ulibeba kiwikoni mfuko wa plastiki wenye migebuka wabichi waliooza, naye alikuwa akiwala hivyo hivyo, utumbo wa samaki ukimteremka kidevuni, magamba yamemganda kwenye ndevu. Nilimwamkia kwa sababu nimelelewa. Akaitikia, akaufuta ule mkono kwenye suruali, akaninyooshea. Wa kushoto, tena unateleza! Nikarudi nyuma. Sefu akaninong'oneza kwamba nina roho mbaya, mzee wa watu hana mwingine. Akaupokea yeye kwa mkono wake wa kulia, na ute ukavutika kati ya vidole vyao.

"Wa kulia sina, mwanangu," mzee akasema. "Ndio ninaoutafuta."

"Shika wangu, Mzee. Hakuna tabu."

"Umenipa?"

"Nimekupa," Sefu akajibu, akicheka. Si unatujua tulivyo? Mkubwa akikuuliza kwa upole, nani anasema hapana?

Mimi nikajitia kazini. Bunduki ilikuwa tupu, nimeikagua mara mbili. Nikaiinua nitazame kama nukta imekaa kwenye karatasi, na yule mzee akakatiza mbele yangu. Macho yangu yote yalikuwa wazi, kama tulivyofundishwa. Jicho la kushoto lilimwona mzee anatafuna. La kulia, kiooni, likamwona mamba, amesimama kwa miguu ya nyuma, mguu mmoja wa mbele hana, minofu ya samaki imemnasa menoni. Nukta nyekundu ilipomfikia ikazimika. Alipopita, ikawaka.

Unadhani nilisema nini? Niliogopa kuchekwa. Mzee akaenda zake, nikafuta kioo, nikamwambia Sefu kilengeo kiko sawa. Hilo ndilo linaloniunguza.

Kesho yake asubuhi mamba aliibuka ufukweni, hatua chache tu kutoka tulipojificha. Sefu akapiga goti, akalenga, lakini hakufyatua. Akasema nukta imezimika, akanyoosha mkono wa kulia kubonyeza swichi ya kilengeo. Mamba akachupa, akauchukua kuanzia kwenye kiwiko, akazama nao. Hakumgusa pengine popote. Alichukua alichopewa.

Sefu yuko hai, yuko kwake Buzebazeba, anajifunza kula kwa kushoto. Anaona haya, chakula chake anakila chumbani peke yake. Miezi miwili baadaye nilikwenda Ujiji sokoni kumnunulia dagaa, mzee mmoja wa kanzu nyeupe akanisimamisha. Nikasema shikamoo. Akaitikia, akanipa mkono wa kulia, nami nikaupokea kabla sijamtazama usoni. Ulikuwa wa moto, mkono wa kijana. Kwenye kidole gumba palikuwa na lile kovu la Sefu, alilopata bunduki ilipombana mafunzoni, kidonda nilichokifunga kitambaa mwenyewe. Kisha ule uvundo ukanipanda puani.

Nimekiosha kiganja hiki kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, hata kwa mafuta ya taa. Bado kinanuka. Nawe nisikilize: adabu ni nzuri, lakini mzee usiyemjua akikuuliza umenipa, nyamaza, hata akuone huna malezi. Sefu huniuliza kwa nini siku hizi ugali naula kwa kijiko. Mpaka leo sijaweza kumwambia kwamba mkono wake nimeushika.